Kwa Nini Nusu?

Kuna swali moja la maadili ambalo hapa Bonn hurudi kila mwaka, pamoja na mvua nyembamba na majani yanayooza kwenye mifereji: kwa nini yule askari alitoa nusu ya joho, na si joho zima?

Kwa msomaji ambaye hajaishi upande huu wa Ujerumani, nieleze kidogo. Tarehe 11 Novemba na siku za jirani yake, watoto wa bonde la mto Rhine hutoka jioni na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe chekechea. Zinaning'inia kwenye vijiti, na ndani yake siku hizi kuna kibalbu cha betri. Mbele anatangulia mtu aliyepanda farasi, kavaa joho jekundu na kofia ya chuma ya Kirumi. Kuna bendi ya matarumbeta, kuna watoto, halafu sisi wazazi na vigari vyetu vya kusukuma, pua zinachuruzika. Mwisho wa safari unawashwa moto mkubwa, na kila mtoto anapewa mkate wenye umbo la mtu, macho ya zabibu kavu, na kiko cha udongo kifuani. Eti kiko, kwenye mkate wa mtakatifu!

Anayekumbukwa ni Martin wa Tours. Aliyeandika habari zake kwanza ni Sulpicius Severus, mwishoni mwa karne ya 4, mtu aliyemfahamu Martin mwenyewe. Anasema Martin alikuwa askari kijana wa jeshi la Roma, hata hajabatizwa. Katika baridi kali, penye lango la mji wa Amiens, alikutana na maskini aliye uchi. Watu walikuwa wanapita. Martin akachomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili, kimoja akampa maskini, kingine akajitanda mwenyewe. Usiku ule akamwona Kristo ndotoni, kavaa kile kipande alichokitoa.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Watakatifu hawakuwa sehemu ya malezi yangu, na mara ya kwanza nilikwenda kwenye maandamano haya kwa sababu tu binti yetu alikuwa ametengeneza taa ya sura ya bundi na asingekubali ikae ndani. Lakini hadithi yenyewe haikuulizi dini yako. Watoto wengi wanachokumbuka ni farasi. (Katika simulizi la Sulpicius farasi hayupo. Ni wachoraji waliompandisha Martin; yule farasi mweupe wa El Greco ananivutia kuliko mtakatifu mwenyewe.) Binti yetu mwaka huu, kwa akili yake ya miaka mitano, alikumbuka kukata. "Mama, kwa nini hakumpa yote? Si alikuwa na nyumba?"

Nilimwambia nitafikiri. Sikujua kwamba nitafikiri mwezi mzima.

Kwanza niseme kitu juu ya haya majira yenyewe, maana yanahusika. Kamusi nyingi zinayaita vuli, na mimi neno hilo linanikwama kooni. Vuli kwetu ni mvua za kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Ni wakati wa kutia mbegu ardhini, mtu anatazama mawingu kwa matumaini. Hapa ni kinyume kabisa. Kila kitu kinaanguka, kinavuliwa, kinafungwa. Kwa hiyo naona wale wanaosema mapukutiko wametusaidia zaidi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba serikali inarudisha saa nyuma, saa tisa za usiku zinakuwa saa nane, na kuanzia siku hiyo ukitoka kazini saa kumi na moja jioni giza limeshatangulia mlangoni. Mtoto wa miezi kumi haelewi sheria ya saa. Anaamka saa kumi alfajiri akiwa na furaha zote za dunia.

Halafu yanakuja mafua. Mtoto mmoja akipiga chafya chekechea, wiki hiyo nyumba kumi hazilali. Walimu nao wanaugua, ujumbe unaingia kwenye simu: leo tunafunga saa nane mchana, samahani. Familia changa isiyo na bibi wala shangazi mtaa wa pili inaishi majira haya kama mtu anayebeba maji kwa mikono. Wengine wanapenda kuyaandika kwa mishumaa, boga la kuchoma na blanketi. Vipo hivyo pia, sikatai. Mimi mwenyewe mwaka huu nimepika boga la nazi mpaka mume wangu akaomba likizo. Ila kinachonikaa moyoni kuhusu miezi hii ni kwamba hakuna anayejitosheleza, na kila mmoja anaona hivyo kwa mwenzake.

Ni katika hali hiyo rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Lubumbashi, alinipigia mwishoni mwa Oktoba. Tulijuana kwenye foleni ya ofisi ya wageni, nilimsikia akimgombeza mwanawe kwa Kiswahili nikageuka kama nimeitwa jina. Analea wavulana wawili peke yake, wa miaka minne na sita, na anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ratiba mpya ya zamu ilikuwa imemhamishia mchana, mpaka saa tatu usiku. "Dada," akasema, "unisaidie na batoto bangu. Mpaka Noeli tu." Alimaanisha kila siku ya kazi: kuwachukua, kuwalisha, kuwaogesha, kuwalaza kwenye makochi yetu mpaka atakapofika.

Mume wangu anafanya zamu za usiku hospitalini. Mimi kazi yangu ni ya habari, na habari hazina adabu, zinatokea jioni. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Tulikaa jikoni tukahesabu mara tatu. Nikamjibu rafiki yangu: Jumanne na Alhamisi.

Siku mbili kati ya tano, yaani. Hata nusu haifiki.

Tarehe 11 usiku, baada ya taa na moto, tulikuwa wengi pale kwetu. Rafiki wa Lubumbashi alikuwa na mapumziko siku hiyo, akaja na sufuria la sombe. Walikuwepo pia mtu na mkewe kutoka Mombasa, marafiki zetu wa tangu chuoni. Watoto walikuwa sebuleni wanagombania kichwa cha mkate. Binti yetu akaliweka swali lake mezani mbele ya watu wazima, na hapo ndipo nilipoona kwamba kila mtu alikuwa na jibu lake tayari, kana kwamba ameishi nalo.

Mume wangu ni mtu wa mizani. Alisema Martin angetoa joho lote, pale langoni pangebaki palepale na mtu mmoja uchi, jina lake tu ndilo limebadilika. "Umehamisha baridi," akasema, "hujaipunguza."

Shemeji wa Mombasa akasema ndiyo maana sheria ina kipimo. Zaka ya fedha ni sehemu moja ya arobaini ya akiba iliyotimiza kiwango na mwaka. Ukishaitoa, umetoa, lala. Wakristo nao wana fungu la kumi. Kinachozidi hapo ni sadaka, na sadaka haina mlango wala dari. "Huyu kijana alitoa asilimia hamsini papo hapo barabarani. Mnamlaumu nini?" Mkewe akacheka: "Nyinyi wanaume mnapenda hesabu kwa sababu hesabu ikiisha mnaweza kulala."

Rafiki yangu wa Lubumbashi alikuwa ananyamaza huku anammenyea mwanawe chungwa. Baadaye akasema, taratibu tu, kwamba yeye hana shida na nusu. Shida yake ni kwamba kipande cha joho hakina mlango. Yule maskini alilala wapi? "Alimpa nguo akaenda zake. Angemwambia twende, akamkalisha penye moto. Joho angebaki nalo lote, hata asingelikata."

Meza nzima ilinyamaza kidogo. Mimi zaidi.

Nimesoma falsafa kidogo chuoni, na usiku ule baada ya vyombo nilimkumbuka Peter Singer. Mwaka 1972 mwanafalsafa huyo wa Australia alichapisha makala iliyotokana na njaa na wakimbizi wa Bengali Mashariki, nchi iliyokuwa inageuka kuwa Bangladesh. Mfano wake unajulikana. Unapita kando ya bwawa lisilo na kina, unaona mtoto anazama. Utaingia, nguo zichafuke, mtoto atoke. Hakuna anayebisha. Basi, anauliza Singer, kama ungeingia kwa ajili ya huyu wa mbele ya macho, umbali wa kilomita maelfu unabadilisha nini? Na unatakiwa uendelee kutoa mpaka wapi? Kwa toleo lake kali, mpaka pale ambapo ukiongeza kidogo, maumivu yako yatalingana na nafuu ya unayempa.

Watu humwona Singer kama mtu anayedai joho lote. Ukimsoma kwa utulivu unakuta sivyo. Anadai uendelee mpaka baridi zenu zilingane, halafu usimame. Kwa watu wawili na nguo moja, kipimo hicho kinaangukia katikati, palepale upanga wa Martin ulipopita. Mume wangu, ambaye hajamsoma Singer hata ukurasa, alikuwa upande wake bila kujua.

Lakini Singer alihitaji kutushawishi kwamba umbali hauna maana. Sisi tulio mbali na nyumbani hakuna haja ya kutushawishi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka uliofuata, na siku hizi mtu aliyekaa Bonn anafikisha ada ya shule Tanga kabla chai haijapoa. Bwawa la Singer lilikuwa njiani, ungeweza kubadilisha njia. La kwetu liko mfukoni na linatetemeka. Na anayezama anajua jina lako, anajua jina la mumeo, anauliza watoto hawajambo kabla ya kuomba. Si mara moja: Jumatatu ni binamu, mwisho wa mwezi ni dawa za mjomba, Januari ni ada za kila mtu. Mfano wa bwawa una nguvu kwa sababu ni tukio. Unaingia, unatoka, unakausha nguo. Mtu anayepita penye bwawa lile kila asubuhi, na kila asubuhi kuna mtoto ndani yake, anahitaji falsafa nyingine. Pengine anahitaji kuuliza kwa nini bwawa halina uzio, na nani mwingine anapita njia hiyo.

Swali hilo la mwisho ndilo lililonirudisha kwa Sulpicius. Nilimtafuta nimsome mwenyewe badala ya kutegemea kijitabu cha picha cha chekechea. Nikakuta mambo mawili ambayo maandamano ya taa hayayaonyeshi.

La kwanza: Martin hakuwa na kitu kingine. Sulpicius anaeleza kwamba nguo zake nyingine alikuwa ameshazitoa kwa wengine, amebaki na silaha na lile joho tu. Kwa hiyo nusu ile haikuwa nusu ya mali, ilikuwa nusu ya kitu cha mwisho. Hapa watu wengi wanaopenda hadithi hii kama sifa ya kiasi, toa nusu na ubaki na nusu, mambo mazuri ya wastani, naona wanaruka mstari. Mwenye makoti manne kabatini akitoa nusu ya moja, anatoa moja ya nane. Sisi kabatini tuna zaidi ya manne. Koti la baridi la binti yetu tu, ambalo tulibishana kama ni la lazima au anaweza kumalizia la mwaka jana lenye mikono mifupi, lina bei ambayo dukani Tanga ingenunua sare za watoto kadhaa. Tulilinunua. Mtoto lazima avae. Ila nisijifanye kwamba nilikuwa nimefika kwenye kitu cha mwisho.

La pili linahusu watu waliokuwa wanapita. Sulpicius anasema baadhi yao walicheka, kwa sababu askari mwenye kipande cha joho ni kichekesho. Wengine, wenye akili timamu zaidi, waliguna kwa uchungu, kwa kuwa wao walikuwa na vingi zaidi na wangeweza kumvisha yule maskini bila wao kubaki uchi.

Nimesoma mstari huo mara nyingi sasa. Nadhani jibu la swali la binti yangu limo humo, ingawa si jibu la kumpa mtoto wa miaka mitano. Martin angetoa joho zima, kazi ingekuwa imekwisha. Maskini kavikwa, mtakatifu kapatikana, umati unaendelea na safari zake ukisema mashallah, kuna watu wana roho. Anayetoa yote huwapumzisha wengine wote. Kila ukoo unamjua mtu huyo, mara nyingi ni dada mkubwa. Kwa sababu yeye yupo, hakuna mwingine anayeitwa. Nusu inaacha kazi wazi. Maskini bado ana upande mmoja wazi, na sasa askari naye ana upande mmoja wazi, na wote wawili wamesimama langoni watu wakiwaona. Aliyekata joho amejifanya yeye mwenyewe kuwa mhitaji wa pili. Umati unaulizwa kitu ambacho haukuwa umeulizwa dakika moja kabla.

Sasa, jambo hili lina ubaya wake na sitaki kulipita. Sulpicius anasema waliguna. Hasemi kama kuna aliyevua chake. Kuacha kazi wazi ili wengine waimalizie ni jambo zuri kama wengine wapo na wanajali. Kama hawapo, umemwacha mtu nusu uchi kwa ajili ya hoja.

Neno lenyewe linanidanganya kidogo. Nusu na nusuru masikioni ni ndugu, utadhani kukata katikati ndiko kuokoa. Asili zao katika Kiarabu ni mbili tofauti. Ni bahati ya sauti tu.

Wasomaji wa Kiswahili tuna hadithi yetu ya kugawana, na mara nyingi naona ni ngumu kuliko ya Martin. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Adili anagawana mali yake na ndugu zake Hasidi na Mwivu baada ya wao kupoteza fungu lao. Hawa nao wanamlipa kwa kumtosa baharini. Shaaban Robert hamwachi anayepokea awe mtu asiye na sura. Anataka kujua kupewa kunamfanya nini mtu, na anaona kwamba kunaweza kumtia sumu. Kwa Sulpicius maskini hana jina, hasemi neno, hatujui alikwenda wapi na kipande chake. Kile kipande ambacho Martin alibaki nacho ndicho kilichotunzwa, kwa mujibu wa mapokeo: wafalme wa Wafranki walikihifadhi kama hazina takatifu, na kutokana na jina lake la Kilatini likaja neno linalotumiwa Ulaya kwa kanisa dogo. Yaani nusu iliyobaki kwa mwenyewe ilijengewa nyumba, na nusu iliyotolewa ikapotea mtaani na mtu aliyeivaa. Hapo rafiki yangu wa Lubumbashi ana haki ya kuguna pia.

Hofu ya Shaaban Robert ndiyo inayonifanya nichukie upande mmoja wa urafiki wa hapa, na kuupenda upande mwingine. Bonn ndiko Haribo ilikoanzishwa mwaka 1920, kiwanda cha zile peremende laini za dubu. Tangu mwaka 1936 kiwanda kimekuwa na desturi ya mapukutiko: watoto wanaokota mbegu za mkastania, zile za kahawia zinazong'aa kama meza iliyopigwa vanishi, wanapeleka, wanabadilishiwa. Kilo kumi za mbegu, kilo moja ya peremende. Mbegu zinakuwa chakula cha wanyama wa porini. Naipenda sana desturi hii kwa sababu hakuna anayebaki na deni. Lakini nimeona watu wanajaribu kuuendesha urafiki hivyohivyo. Ukimshikia mtu mtoto saa mbili, kesho yake anakuletea keki iliyofungwa vizuri, na unahisi mlango umefungwa kwa adabu. Kwetu deni dogo halilipwi haraka. Bakuli la jirani halirudi tupu, na halirudi siku ileile. Kulirudisha haraka ni kusema sitaki tuendelee.

Wakati huohuo, deni lisilo na ukomo linaua. Nimeona urafiki wa watu wetu hapa ukifa kwa sababu mmoja alitoa yote mwaka wa kwanza, akachoka mwaka wa pili, na mwaka wa tatu hakuweza kumtazama mwenzake bila hasira ambayo mwenzake hakuielewa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, tunasema, na ni kweli. Ila moyo nao una mshipa unaochoka, na mwenye moyo akiwa na mtoto wa miezi kumi mgongoni, uchovu wake unalipwa na mtoto. Mtoto hakuulizwa kama anataka kuwa sehemu ya sadaka.

Basi nirudi kwenye hesabu ya siku, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Nilipomwambia rafiki yangu Jumanne na Alhamisi, hakusema asante haraka. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, dada. Nitaona zile zingine." Wale wa Mombasa waliposikia, bila mimi kuwaomba, walichukua Jumatatu. Bibi mmoja Mjerumani wa ghorofa ya chini, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tunasalimiana kwa kutikisa vichwa tu, aliwakuta wavulana wanafukuzana ngazini Alhamisi moja, akauliza ni wa nani. Siku hizi Ijumaa wako kwake, wanatazama vipindi vya wanyama na kula viazi na tufaha zilizopondwa. Mdogo anamwita Oma. Kama ningekuwa nimesema ndiyo kwa siku zote tano, huyu bibi angeendelea kutikisa kichwa, na naamini kufikia mwisho wa Novemba mimi ningekuwa nakwepa simu za rafiki yangu.

Lakini Jumatano haikupata mtu.

Tuliuliza. Kulikuwa na familia mbili ambazo zingeweza, ninazijua, wote tunazijua. Waliguna. Kwa hiyo Jumatano rafiki yangu aliomba apunguziwe zamu, na mshahara wake wa Novemba umepungua sehemu moja ya tano. Kwa mama wa watoto wawili pesa hiyo ni umeme, na ni ile inayokwenda Lubumbashi kwa mama yake. Nikisema nusu inaita umati, lazima niseme pia nani alilipa pale umati ulipokosekana. Sikulipa mimi. Mume wangu anasema hatukuwa na Jumatano ya kutoa, na akiniwekea ratiba mezani naona anasema kweli: Jumatano yeye anaingia mapema, mimi nina zamu ya taarifa ya jioni. Nakubaliana naye kwa akili yangu yote. Bado kila Jumatano saa nane mchana najikuta natazama simu.

Jumapili iliyopita rafiki yangu alikuja kumsuka binti yetu. Alimkalisha kwenye mto katikati ya magoti yake, akafungua kopo la mafuta ya nazi, akaanza kugawa nywele mistari kwa ncha ya kitana. Ni kazi ya saa tatu. Nilijua nisimtolee pesa. Nilimwambia wiki ya kwanza ya Desemba mume wangu ana likizo, Jumatano ile tunaweza. Akasema tutaona, kwanza nimpe kile kitana kingine, hiki meno yake yamekuwa mapana mno.